Maji ya Kuoshea Pikapu

Ndugu zangu wa Newala, nanyi wa Masasi mnaopanda huku kila msimu wa korosho, sogeeni karibu. Habari hii si ya mbali. Ni ya humu humu kwetu, na mwenyewe yuko hai, mnasalimiana naye gulioni, na mkimtazama sana usoni anaangalia chini.

Ilikuwa Jumamosi, enzi za ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku na mizani zao na kila mwenye mikorosho akajiona mtu. Kijiji cha Mkunya kilikuwa kimetulia. Mabibo yalinukia kila uani, kuku waliparura chini ya uchaga, na Cuthbert, baba yake Agatha, alikuwa anaosha pikapu yake nyeupe huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Aliisugua milango, akaisugua taa, akainama akasugua hata matairi. Ungemwona ungesema, huyu mtu ana raha yake.

Lakini hebu tuulizane, yale maji aliyapata wapi?

Wageni hawajui, sisi tunajua mwezi wa kumi uwanda wetu unavyokuwa. Mabomba yanatoa upepo mtupu, visima vya maji ya mvua vimebaki na tope, na wanawake wanateremka bondeni kwa njia ya miguu, kwenye mteremko ule unaotisha hata mbuzi, wapandishe kila mmoja ndoo yake kichwani. Severina, mke wa Cuthbert, alikuwa ameteremka mapema na jirani yake Mwanakombo. Akapandisha ndoo, akaitua jikoni, akaenda kuchuma kisamvu nyuma ya nyumba. Aliporudi, ndoo ilikuwa uani imelala ubavu, tupu, na pikapu inameremeta.

"Baba Agatha, maji yangu yako wapi?"

"Si hayo hapo?" Cuthbert akaonyesha mlango wa gari unaodondosha matone, akacheka. "Leo nakwenda Masasi, wenzangu wenye magari watakuwepo. Niende na gari lina vumbi kama la kubebea salfa ya mikorosho?"

"Na mimi nitapikia nini?"

"Kwani bondeni maji yamekwisha?"

Severina alimtazama. Kisha akasema kwa upole, maana ndivyo alivyokuwa, "Basi ukirudi tuweke pipa kwenye bodi, twende kwa barabara ya chini. Inafika kabisa kwenye chemchemi. Hata Mwanakombo ataweka lake."

"Pipa! Maji yamwagike, bodi lishike kutu? Mama Agatha, hili ni gari la heshima, si la maji."

Jamani, mwanamume anaosha gari kwa maji yaliyobebwa na shingo ya mkewe, halafu anakataa gari hilo lisiyabebe! Msicheke. Wengine humu mna baiskeli na mnafanya yayo hayo.

Tena pipa halikuwa peke yake. Wagonjwa nao Cuthbert aliwakataa. "Damu haitoki kwenye bodi," alisema, na watu wakazoea kuwabeba wagonjwa wao kwa machela hadi njia panda, wakavizie malori. Siti za mbele alikuwa hajazibandua nailoni za dukani. Siku alipompakia Severina kwenda kanisani, alimwambia kwanza akung'ute kanga.

Basi akawasha gari, akaondoka. Severina akaokota ndoo yake, akamwita Mwanakombo, wakateremka tena.

Kule Masasi, wenye pikapu za aina ile walikuwa na desturi ya kukutana mbele ya gereji moja. Walizinunua msimu mmoja, na kila Jumamosi walizipanga pamoja, wakazizunguka na kuzisifu. Siku ile alikuwepo Charles wa Lisekese, mwenye pikapu kama ile, amekuja na shemeji yake Dickson ambaye naye alitaka kununua.

"Mwulize huyu," Charles alisema, akimshika Cuthbert bega. "Huyu ndiye anayelitunza kuliko sisi sote."

"Kaka, niambie ukweli," Dickson akasema. "Leo ungekuwa huna gari, ungelinunua tena lile lile?"

"Mara mia!" Cuthbert akavimba. "Mafuta halinywi, mlimani linapanda kama liko tambarare. Njoo uone bodi. Unaona mkwaruzo hata mmoja?"

"Na nyumbani wanasemaje?"

"Nyumbani?" Swali lilimshangaza kidogo. "Nyumbani wana raha. Wana gari."

Wakacheka, wakanywa chai, wakafunua boneti wakafunika. Jua lilipoanza kuelekea upande wa pili, Cuthbert akashika njia ya nyumbani, kifua mbele.

Alipoacha barabara kuu na kuingia ile ya Mkunya, aliona watu wanakuja. Wanaume wanne na machela. Mgonjwa amefunikwa kanga mpaka usoni kwa sababu ya jua na vumbi. Aliyetangulia alikuwa Nikolao, ndugu yake Severina. Nikolao akainua mkono, akapaza sauti, "Shemeji! Shemeji, simama!"

Cuthbert akasema moyoni, haya, leo wananiletea undugu. Watakuwa wamembeba bibi yule mgonjwa wa kule mwisho wa kijiji. Macho yake yakaenda kwenye kioo, akaliona bodi lake, jeupe, kavu, safi.

Sasa mnaijua ile ishara ya madereva wetu. Alitoa mkono dirishani, akazungusha kidole hewani. Maana yake kila mtu wa njia ile anaijua, nafika hapo mbele, nageuza, nakuja kuwachukua. Halafu akapandisha kioo na kukanyaga mafuta. Hakuwa na nia ya kugeuza. Alikizungusha kile kidole ili apite salama.

Wala hakwenda nyumbani moja kwa moja. Penye mizani ya wanunuzi kulikuwa na kilabu cha uraka, pombe yetu ya mabibo, na watu walikuwa wengi. Akaegesha gari mahali linapoonekana. Wakamuuliza habari za Masasi, akazieleza, akaeleza na ya Dickson, na lile jibu la mara mia alilirudia kwa kila aliyefika. Jua likazidi kushuka.

Alipofika kwake alikuta jiko baridi. Mwanakombo alikuwa amekaa kizingitini, miguu ina tope kavu mpaka magotini, macho mekundu. Alipoisikia pikapu alisimama kwa haraka, akachungulia bodini.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mama Agatha! Hukuwakuta njiani? Kateleza na ndoo pale kwenye mawe, safari ile ya pili. Goti limegeuka, ngozi imechanika, mguu unaning'inia. Wamembeba akina Nikolao, wamesema mguu wa namna ile ni hospitali ya Ndanda tu. Baba Agatha, barabara ni moja. Huwezi kusema hukuwakuta!"

Cuthbert aliitazama ile ndoo. Ilikuwa imepasuka, mtu ameirudisha na kuiegemeza ukutani. Aliingia garini, akaligeuza gari mle mle uani, likavunja uchaga wa vyombo, wala hakutazama.

Njiani alijiambia, watakuwa wamekwisha pata lori. Msimu huu malori hayakosekani. Aliomba Mungu wawe wamepata lori.

Aliwakuta pale pale alipowapita.

Walikuwa wameitua machela chini ya mkorosho, na Nikolao anampepea dada yake kwa tawi. Cuthbert akashuka. Hakuna aliyemsalimu.

"Umegeuza, shemeji?" Nikolao akauliza.

Aibu ya neno lile, ndugu zangu, hata kulisimulia kunaniunguza masikio.

"Lori halikupita?" Cuthbert alisema kwa sauti ndogo.

"Lilipita la korosho. Lilisimama lenyewe, dereva akasema mpakieni. Dada akakataa."

Severina alijifunua kanga usoni. Midomo ilikuwa imekauka. "Nililijua kwa mlio," akasema. "Nikawaambia, huyo ni Baba Agatha, hamwezi kunipandisha kwenye magunia na mume wangu amesema anageuza. Wakasema mbona anachelewa. Nikasema atakuwa ametandika godoro kwanza."

Godoro! Wala halikumpitia Cuthbert akilini. Severina alilala kwenye bati tupu, kichwa mapajani mwa ndugu yake, na damu yake ikaingia kwenye mikunjo yote ya lile bodi lililosifiwa Masasi. Cuthbert aliendesha huku machozi yanamfanya asione vizuri. Kila shimo alilolikanyaga alimsikia mkewe nyuma akivuta pumzi, na alijua kwamba angekuwa amelikanyaga shimo hilo zamani, kama kile kidole kingekuwa kidole cha kweli.

Pale Ndanda, muuguzi aliyewapokea aliitwa Sabina. Aliugusa mguu, akaugusa tena, uso ukabadilika. "Una baridi," akasema. "Ameumia tangu lini?"

"Asubuhi," Nikolao akajibu.

"Asubuhi? Sasa siku nzima mlikuwa wapi?"

Nikolao akamtazama Cuthbert. Cuthbert akatazama sakafu. Angeweza kusema. Akamwachia mgonjwa kazi ya kujibu.

"Tulikuwa tunangoja gari," Severina akasema.

Madaktari walifanya waliloweza. Lakini damu ilikuwa imekosa njia ya kufika mguuni muda mrefu mno, na ili wamwokoe mwenyewe ikabidi waukate, juu kidogo ya goti. Cuthbert alilia nje, ameegemea ukuta, amejifunika uso kwa shati. Alipoingia wodini alipiga magoti, akasema yote. Akasema sikujua kuwa ni wewe.

"Najua hukujua," Severina akasema. "Ulidhani ni mtu mwingine."

Nawaambia, angempiga kwa gongo ingemwuma kidogo kuliko pale.

Alipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, Cuthbert alikuja na gari. Alikuwa amezirarua nailoni zote, ametandika kanga mpya kwenye siti ya mbele. Severina alisimama na magongo yake, akaitazama siti.

"Nipandishe nyuma."

"Mama Agatha, nakuomba. Nimekutengenezea hapa."

"Nyuma ndiko nilikopanda nilipokuja. Nipandishe."

Akampandisha, akamwekea godoro, safari hii lilikuwepo. Akaendesha polepole. Walipofika Masasi alisimama mbele ya gereji kuongeza maji kwenye rejeta, na hapo Charles akamwona kwa mbali, akaja na Dickson, wote wanacheka. Habari zilikuwa hazijawafikia.

"Huyu bado anasitasita," Charles akasema. "Mwambie tena kwa kinywa chako, ungelinunua tena gari hili?"

Cuthbert alifunga boneti. Angeweza kusema mara mia, akapanda, akaenda zake. Safari hii hakutaka tena kupita salama.

"Gari halina kosa," alisema. "Kosa ni la mwenye gari. Mke wangu aliniomba nibebe pipa la maji, nikakataa. Nilinyooshewa mkono njiani, yeye yuko kwenye machela, nikazungusha kidole nikapita. Amekatwa mguu kwa sababu yangu. Dickson, usiniulize mimi kama ningenunua tena gari hili. Mwulize huyo hapo kama angeolewa tena na mimi."

Kicheko kilikatika. Watu wa gereji waliacha spana. Dickson, bila kukusudia, aligeuka kumtazama Severina kule bodini, na wote wakageuka. Cuthbert naye aligeuka. Alikuwa anataka kweli kujua, maana tangu siku ile ya Ndanda hakuwa ameambiwa.

Severina alijivuta kanga begani.

"Twende, Baba Agatha," akasema. "Nyumbani hakuna maji."

Siku hiyo hiyo Cuthbert alikwenda kwenye chemchemi kwa barabara ya chini na mapipa, lake na la Mwanakombo. Mpaka leo anakwenda. Bodi limeshika kutu, limetoboka, na wagonjwa wote wa Mkunya wanajua mlango wa kugonga. Severina anapanda gari lile akiwa na safari. Anapanda nyuma. Siti ya mbele iko tupu, na Cuthbert hajawahi kumpakia mtu mwingine pale.

FUNZO

Ndugu zangu, msije mkaondoka hapa mkisema kosa la Cuthbert lilikuwa kumpita mkewe. Hapana. Kosa lake lilikuwa kumpita mgonjwa. Angekuwa kweli yule bibi wa mwisho wa kijiji, nyinyi msingeisikia habari hii, na Cuthbert angelala usingizi, na dhambi ingekuwa ile ile.

Ruksa ilikuja, na vitu vikaja. Nunueni, hakuna anayewakataza. Lakini kitu kisichompunguzia mama mzigo wa kichwani bado hakijaingia nyumbani, kimeegeshwa tu uani. Kabla hujauliza wenzako kama gari ni zuri, waulize wanaokaa na wewe kama umekuwa mzuri tangu ulipolipata. Wakikawia kujibu, ujue umejibiwa.

Na ukitoa kidole dirishani ukasema unageuza, geuza.