Jina Lililoitika

Jioni ile mama mkwe aliniacha na kazi ya kununua chumvi, kisha akaenda zake matangani Misikhu. Kutoka kwake hadi madukani Bokoli si mbali, lakini njia inapita katikati ya miwa. Nikamfunga mtoto mgongoni na leso, nikatoka.

Mtoto alikuwa akilia. Alikuwa na umri wa mwezi mmoja na hakuwa na jina. Kila jua likishuka alilia mpaka sauti ikamkauka.

Lazima nieleze kwa nini hakuwa na jina. Mimi nimezaliwa Kitale, kwa Wakikuyu waliohamia huko zamani. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na nyanya huyo akiwa hai ndiyo raha zaidi. Huja kumwona mtoto wa jina lake, hukaribishwa, hula, humletea kitu. Nyaruai, jina langu, ni la nyanya ambaye mpaka leo analima viazi. Kwa kina Festus, mume wangu, si hivyo. Wao ni Wabukusu, na jina hutoka kwa waliokufa. Mtoto akilia, wakubwa hutaja marehemu mmoja mmoja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake.

Niliposema kwamba ningependa mtoto aitwe Agneta, jina la mama mkwe, yeye mwenyewe aliweka kikombe chini.

"Wewe mtoto wa Kitale," akasema, "ati unataka kunizika, na mahindi yangu bado yako shambani?"

Nyumba nzima ikacheka. Mimi nikaangalia miguu yangu. Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Wakataja marehemu wao wote, na mtoto akaendelea kulia.

Basi nilikuwa narudi, chumvi mkononi, giza linaanza kuingia. Upepo ulikuwa ukitikisa miwa. Kisha upepo ukatulia.

Miwa ikaendelea kutikisika.

Akatoka mama mzee. Alikuwa amefunga kitambaa chini kabisa, hata macho yake sikuyaona vizuri. Nilisikia harufu ya udongo ulionyeshewa sasa hivi... na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Mbona unamliza?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuongea.

"Hana jina, mama. Yote amekataa."

"Mpe langu."

"Mama anaitwa nani?"

"Namulekhwa."

Mtoto akanyamaza.

Katikati ya kilio... kimya. Nilishukuru nusura nipige magoti. Hapa palikuwa na mtu hai, ananipa jina lake mwenyewe, na kwetu hiyo ni baraka. Nikamjibu vile nilivyolelewa.

"Asante, mama. Basi uje umwone wa jina lako. Karibu nyumbani."

Akanisogelea.

"Mtakuwa mnaniita?"

"Kila siku," nikasema.

Asubuhi yake, mama mkwe akiwa bado matangani, Festus alikuja kutuchukua turudi Kitale, ambako yeye ni fundi wa viatu. Nikamweleza kuhusu yule mzee na jina. "Hilo hata mimi silijui," akasema, "lakini si amenyamaza? Wacha likae."

Nililipenda sana jina lile. Shuleni kwetu kina Wamboi walikuwa wengi mpaka mwalimu akawapa namba. Mtoto wangu hangepewa namba. Kliniki, nesi aliniuliza herufi moja moja, nikamwandikia mwenyewe bila kukosea. "Na mimi ni Mbukusu wa Webuye," akasema, "lakini hili sijawahi kuliandika." Jirani yangu Pauline alicheka. "Bana, kina Nekesa wamejaa kila ploti. Huyu wako yuko peke yake Kenya nzima."

Nilitabasamu siku hiyo yote. Sikujiuliza jina zuri hivyo limekosaje watu.

Mtoto hakulia tena. Njaa, hakulia. Nesi alimdunga sindano, na watoto wote kwenye foleni walikuwa wakipiga mayowe. Wangu aliangalia mlango tu.

Halafu jioni moja nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikamwita nikimchezesha.

"Namulekhwa!"

"Ee."

Sauti ilitoka nje. Nikachungulia. Mahindi ya jirani tu, yamesimama.

Jioni iliyofuata nilijisahau nikamwita tena. Ikajibu kutoka nyuma ya choo. Siku nyingine ikajibu karibu zaidi, hapo hapo upande wa pili wa mabati, nikasikia na pumzi. Ndani ya nyumba kukanuka udongo.

Nikamwambia Festus. "Ni Pauline anakuchezea," akasema. Na kwa sababu yeye ni mtu wa mzaha, akaweka kiatu chini, akaita kwa sauti.

"Namulekhwa! Toka tukuone!"

"Ee."

Chini ya kitanda.

Festus alinivuta nje na kisu chake cha kukatia ngozi bado mkononi. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto kifuani. Yeye peke yake hakuogopa. Alikuwa ameangalia nyuma, begani kwangu, na alikuwa anacheka.

Tulilala kwa Pauline, na kesho yake tukaenda Bokoli. Mama mkwe alikuwa mlangoni akichagua maharagwe. Akanyoosha mikono. "Leteni mjukuu wangu. Mlimpata nani?"

Nikalitaja.

Ungo ukaanguka.

"Usilirudie," akasema. "Nani alikupa?"

Nikamweleza. Alitusukuma ndani akafunga mlango, ingawa jua lilikuwa bado halijazama, na akaongea akiwa ameuegemea.

Namulekhwa alikuwa shangazi ya baba yake Festus. Jioni moja alitoka kwenda kukata kuni, hakurudi. Hawakupata hata kitambaa chake. "Mtu akipotea hivyo, huku tunazika mgomba mahali pake, tunaomba, tunamaliza. Yeye hakuzikiwa kitu. Mama yake alikataa, ati binti yake atarudi. Sasa hayuko na walio hai, na waliokufa hawamjui."

"Na jina?" Festus akauliza.

"Wasichana wawili walipewa hapo nyuma, kabla watu hawajajua. Watoto wapole sana. Hawakuwa wanalia."

"Wako wapi?" nikauliza.

Alitikisa kichwa. Akauliza yeye. "Ulimwambia nini, huko kwa miwa?"

"Nilimkaribisha, mama. Kwetu mwenye jina hukaribishwa."

Nilingoja anigombeze. Alinishika shavu tu. "Hukujua, mwanangu."

Jua likashuka. Kuku wakaingia mapema. Ile harufu ikaanza kupita chini ya mlango, taratibu, kama moshi.

"Hodi."

Mama mkwe akaweka kidole mdomoni.

"Hodi... Nimekuja kumwona wa jina langu."

Mtoto alikuwa amekuwa baridi mikononi mwangu. Alikuwa anajinyoosha kuelekea mlangoni, mwili mzima, na mtoto wa umri huo hawezi. Festus aliweka bega kwenye mlango. Mama mkwe akaanza kutaja marehemu, upesi upesi, wanawake, wanaume, hata wale waliokufa wakiwa watoto. Mtoto hakupepesa jicho.

Komeo likaanza kusogea lenyewe.

Mimi ambaye sijawahi kuinua sauti mbele ya wakwe, nilipiga kelele. "Si wako! Nimemtoa jina lako! Nenda!"

Komeo likasimama.

Kisha, polepole, "Basi anaitwa nani?"

Jina jingine hakuwa nalo. Komeo likasogea tena.

Mama mkwe akanipokonya mtoto. Alimwangalia usoni muda mrefu, kama mtu anayeagana. Akaweka mdomo sikioni mwake.

"Agneta," akasema.

Mtoto akalia!

Alilia kama siku aliyozaliwa, uso mwekundu, ngumi hewani. Joto likamrudia. Nami nililia, sijui nani alimshinda mwenzake.

"Mama," Festus akanong'ona, "lakini wewe uko hai."

"Nimempa."

Nje, mtu alikwaruza mlango kwa ukucha mmoja.

"Na mimi?"

Mama mkwe alinirudishia mtoto. Akafunga kitambaa chake vizuri, akamsogeza Festus pembeni kwa mkono, akatoka na kurudisha mlango. Tulisikia sauti mbili zikiongea Kibukusu, chini kwa chini, bila ugomvi. Festus alisema hakushika neno hata moja. Ziliongea sana.

Mwisho ikabaki moja.

Aliporudi, miguu yake ilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo, na nje kulikuwa kukavu. "Kuleni," akasema. "Chakula kitapoa."

Mtoto wangu anaendelea vizuri. Analia mpaka Pauline anagonga ukuta, nami namshukuru Mungu. Mama mkwe pia ana afya. Analima, anaenda kanisani. Lakini Phelista, rafiki yake wa kwaya, akimwita langoni, "Agneta! We Agneta!", hageuki. Lazima aguswe bega. Festus anasema ni masikio ya uzee. Mimi namwita mama tu. Kuna jina jingine ambalo ningeweza kujaribu nione kama ataitika, na siwezi.

Jumapili tulikuwa kwake. Mtoto alikuwa akipiga mayowe, akampakata, akambembeleza mpaka akatulia. Akanitazama.

"Huyu mnamwita nani?"

Nilidhani ni mzaha. "Agneta, mama."

Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja kitu kigeni.

"Agneta," akasema. "Jina zuri. Mlilipata wapi?"