Pumzi Isiyotetemeka

Kikohozi kilimbana Zinash katikati ya soko la Merkato, kwenye kichochoro cha wauza pilipili, hata kijana mmoja mwenye furushi la filimbi za mianzi akammiminia maji viganjani.

"Dada, mwimbaji gani huja kutafuta pumzi pilipilini?"

"Nani kakwambia mimi mwimbaji?"

"Unakohoa kwa tumbo. Sisi wengine twakohoa kwa koo."

Jina lake Girum. Kabla mvua za Agosti hazijakatika, simu zao zilikuwa ndefu kuliko ibada za mfungo.

Lakini Zinash hakuwa mtu huru. Alilelewa na mjomba wake, Dessalegn, mwenye nyumba ya nyimbo huko Kazanchis, na sauti ya binti ndiyo iliyoilisha nyumba. Ada ya nyumba hizo haina huruma: mgeni hutamka ubeti, mwimbaji huurudisha kwa wimbo, uwe sifa au tusi. Kukataa ni kumtemea mgeni mate.

Jumamosi moja Bwana Fikremariam, tajiri wa kahawa ambaye mjomba alimtaka awe mkwe, alimwona Girum mlangoni, akatamka kwa kejeli: "Mpuliza mianzi, nenda zako, moyo wangu umepata mwenye boma."

Zinash, katika gauni jeupe lenye darizi ya dhahabu, akauimba. Sauti ikatoka nyororo. Girum akaondoka.

"Maneno najua ni yake," Girum alimwambia kesho yake kwa simu.

"Sasa waninunia nini, mpenzi?"

"Pumzi ilikuwa yako. Haikutetemeka hata kidogo."

"Nimefunzwa tangu utotoni kuifungia chini ya mbavu. Ilipotetemeka, nilichapwa."

"Basi ukisema wanipenda, nitajuaje?"

Simu ilipokatika Zinash alijaribu kulia, akakuta hata kilio chake kinatoka kwa mahadhi.

Jumamosi iliyofuata nyumba ilifurika wageni, na wazee wa ukoo wakakaa mbele. Fikremariam akatamka ubeti wa kukubali uchumba, mjomba akatikisa kichwa kuafiki, zeze likaanza. Zinash alijua kwamba akiuimba mbele ya wazee wale, amekwisha kuolewa. Hapo Girum akainuka kutoka kiti cha nyuma.

"Nami ni mgeni. Naomba wangu utangulie."

"Utoe basi, muuza mianzi," Fikremariam akacheka. "Angalau uwe na vina."

Girum hakutamka neno. Alivuta pumzi, ikakwama njiani, akaitoa ikitetemeka. Akaketi.

Ada ni ada. Zinash akavuta pumzi kama ile. Ikapita pale mbavuni ilipofungiwa miaka yote, ikavunjika, na sauti isiyo na wimbo ikamtoka, mbaya, ya kukwaruza, sauti ya mtu anayelia. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni sanaa.

"Rudia, binti yangu," mjomba akasema, macho yakimng'aa. "Kila Jumamosi tutafunga usiku kwa hiyo."

"Hairudiwi, mjomba. Na ule ubeti wa Bwana, auimbe mwenyewe."

Makofi yakakoma. Zinash akapita katikati ya viti, kwikwi zikimkata hatua, akatoka nje. Girum akamfuata, wala hakumwuliza lolote.