Maji Yaliyokuwa Yaking'aa

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na mumewe alitengeneza baiskeli upande wa pili wa mlango. Binti yao walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Waliishi na wazazi wa mume, Babu na Bibi.

Maji walichota mtoni, chini kidogo ya mtambo wa kusafisha majitaka. Mtambo huo uliacha kufanya kazi pampu yake ilipoharibika. Geti lilishika kutu, na mabwawa yakajaa magugu.

Kiangazi hicho Babu aliugua tumbo, akafariki. Watu walisema ni uzee. Machozi hayajakauka, Chiriku naye akaanza kuharisha. Kufika adhuhuri alikuwa kimya, macho yamezama. Mama yake alimbeba mbio hadi zahanati.

Muuguzi alibana ngozi ya tumbo la mtoto. Ilichelewa kurudi.

"Amepungukiwa maji mwilini," alisema. Akakoroga pakiti ya dawa ya chumvi na sukari katika maji safi. "Mpe kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja kidogo, umpe tena."

Mama alimnywesha mchana kutwa. Jioni sauti ndogo ikasema, "Mama, mbona unalia?"

Muuguzi alivuta kiti. "Maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Mtoni, dada. Yanang'aa mpaka chini unaona."

"Mnachemsha?"

"Maji yanayotembea? Ya nini?"

Kesho yake muuguzi alikwenda na wazazi hao mtamboni. Bibi alifuata, akinung'unika. "Mimi nimekunywa mto huu tangu sijaota meno!"

"Bibi, wakati huo bomba hili halikuwepo," muuguzi alijibu kwa upole.

Nyuma ya uzio, majitaka ya vyoo vya soko na shule yalimwagika kutoka kwenye bomba. Yalipita kando ya mabwawa, yakaingia mtoni.

"Zamani yalituama humu kwanza," muuguzi alieleza. "Uchafu ulizama, na vijidudu vingi vilikufa. Sasa yanaingia mtoni vilevile yalivyo. Vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho. Maji yanaweza kung'aa na bado yakaua."

Bibi aliketi chini ghafla. "Kwa hiyo mzee wangu..."

"Siwezi kusema kwa hakika, Bibi."

"Kikombe cha mwisho nilimpa mimi."

Fundi baiskeli alichuchumaa, akamshika mama yake mkono.

Tangu siku hiyo walichota kwenye kisima chenye mfuniko, mbali na mto. Walichemsha maji mpaka yakatokota, wakayahifadhi kwenye ndoo iliyofunikwa. Walinawa kwa sabuni wakitoka chooni na kabla ya kula.

Bibi alipita nyumba kwa nyumba, akiwaeleza majirani habari za bomba lile. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama. "Mume wangu harudi. Ila watoto wenu bado wapo."

Watu wakakubaliana kuufufua mtambo. Wengine walivaa mabuti na glavu, wakafyeka magugu mabwawani. Viongozi waliikumbusha halmashauri bila kuchoka, mpaka pampu mpya ikafungwa na geti likafunguliwa.

Mvua zilipokuja, zahanati haikupokea mgonjwa wa kuhara kutoka upande ule wa mto. Jirani mmoja alimkuta Bibi jikoni akichemsha maji ya kunywa, akacheka.

"Bibi, mtambo si umefunguliwa? Unamaliza mkaa wa nini?"

"Mtambo unapunguza uchafu wa mto, mwanangu. Kikombe ni kazi yangu," Bibi alisema. Akasogeza sufuria katikati ya moto. "Acha yatokote."