Kisanduku cha Blanka Mlimani Havran

Jumapili ile Radim alipika supu ya viazi na uyoga mkavu. Aliipika vibaya, kama kawaida yake. Mkewe Blanka alifariki mwanzo wa majira ya kuchipua, na tangu hapo nyumba ile ilikuwa na supu ya aina moja na maneno machache. Mimi ni jirani yao, naitwa Ludmila. Nilikuwa nimewapelekea maandazi ya jamu ya plamu, maana binti yao Vendula alikuwa amekonda mno.

Tulikuwa bado tunakula. Mara simu ikalia kabatini.

Haikuwa simu ya Radim wala ya Vendula. Ilikuwa ya Blanka. Msichana yule aliichaji kila siku, na baba yake hakuthubutu kumkataza.

Vendula aliisoma, akaweka kijiko chini.

"Baba, wanataka kukifuta kisanduku cha mama."

"Kisanduku gani?"

"Kile cha mlimani Havran."

Radim alinitazama mimi. Alikuwa na haki ya kunitazama. Ni mimi niliyemfundisha Blanka mchezo ule wa kuficha na kusaka visanduku, na Radim alitucheka sana enzi hizo. "Wanawake wazima," alikuwa akisema, "mnapapasa mashimo ya miti kama kuku wanaotafuta pa kutagia." Blanka alimwomba waende wote. Radim akasingizia goti. Akaomba tena, goti tena. Mwishowe akaacha kuomba.

"Nieleze," Radim aliniambia. "Taratibu, kama kwa mjinga."

"Hiyo haitanipa shida," nilimjibu.

Nikamweleza. Mtu huchagua mahali pazuri, tena anaomba ruhusa kwa mwenye msitu. Anaficha kisanduku kisichoingiza maji. Ndani anaweka karatasi, penseli na vitu vidogo vya kubadilishana. Halafu anatangaza mahali hapo kwenye ramani ya mchezo, na yeyote mwenye simu anaweza kuja kukisaka. Anayekipata anaandika jina lake. Akichukua kitu, anaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Kisha anakirudisha palepale, kama alivyokikuta.

"Na wanaopita njiani?" Radim aliuliza.

"Hao tunawaita watu baki. Hawatakiwi kujua. Mtu baki akitokea, unajifanya unafunga kamba za viatu."

"Sasa nani anataka kukifuta? Blanka alimkosea nani?"

"Hakumkosea mtu. Kuna mtu wa kujitolea anayeangalia visanduku vya wilaya yetu. Wasakaji wamemwambia maji yameingia ndani. Kwa hiyo amemwandikia mwenyewe akitengeneze. Mwenyewe akikaa kimya, mahali pale panaondolewa kwenye ramani."

"Mwenyewe amekufa."

"Yeye hajui, Radim."

Radim alisukuma sahani yake kando. Supu ilikuwa imeshapoa hata hivyo.

Kesho yake alipotoka kazini, kwenye kiwanda cha mbao, alipanda Havran na Vendula. Walinipitia kuniaga, nami nikawaambia wavae viatu vya kushika matope na wasitembee macho yakiwa kwenye simu tu. Watu huvunjika miguu hivyo. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya vuli isiyojua kukatika.

Vendula ndiye aliyenisimulia yaliyotokea kule. Mshale wa simu uliwafikisha karibu na mwamba, kisha ukaanza kuzungukazunguka. Setilaiti inakufikisha jirani tu. Pengine hatua kadhaa pembeni. Baada ya hapo kazi ni ya macho.

"Simu imechanganyikiwa," Radim alisema.

"Weka mfukoni, baba. Jiulize, ungekuwa mama ungeficha wapi?"

Radim alisimama pale akajiuliza. Hakujua. Miaka yote waliyoishi pamoja, na hakujua. Vendula ndiye aliyeona kijiwe kilichokaa vizuri mno chini ya mzizi wa msonobari, upande unaotazama bonde.

Kisanduku kilikuwa pale. Karatasi imelowa, penseli imevimba, mpira wa kifuniko umekatika. Juu ya kifuniko Blanka alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: "Umefika. Pumzika, tazama bonde." Radim aliupitisha mkono juu ya yale maandishi. Kisha akakifungua kizibao chake, akakikumbatia kisanduku ndani, akashuka nacho. Alimwambia Vendula aandike kwenye simu kwamba kimetengenezwa, ili kisifutwe. Msichana aliandika. Alikuwa amefurahi kumwona baba yake ameshika kitu cha mama bila kukimbia chumbani.

Hapo ndipo walipokosea, na mimi sikujua.

Siku ya kuwakumbuka marehemu tulikwenda makaburini kuwasha mishumaa, kama kila mwaka. Tulipotoka nikaingia kwao kuota moto. Kisanduku kilikuwa juu ya kabati, kimekaushwa, kimefutwa vizuri, kando ya picha ya Blanka. Mbele yake mshumaa unawaka.

"Kiko hapa tangu lini?" niliuliza.

"Tangu siku ile. Hapa hakinyeshewi."

"Vendula, simu imelia tena?"

Msichana aliinamisha kichwa, akanipa simu. Ilikuwa na ujumbe wa familia moja kutoka mjini Brno: "Tumetafuta mpaka giza likaingia. Watoto wamelia njia nzima. Labda kimeibiwa." Ulifuata wa bibi mmoja aliyekuja kwa treni, akapanda kwa fimbo, akarudi mikono mitupu. Wa mwisho ulikuwa wa yule wa kujitolea. Aliuliza kwa upole kama kisanduku kipo kweli. Kama hakipo, atapaondoa mahali pale moja kwa moja.

Hasira ilinipanda. "Radim, umemwibia mkeo."

"Chunga mdomo wako, Bi Ludmila. Huo ni mwandiko wake. Mimi nimebaki na nini kingine? Makoti nimeyagawa. Hata harufu yake imekwisha humu ndani."

"Kaburi lake unalo. Leo umeliwashia mishumaa, na kesho utaliwashia. Lakini hiki si kaburi. Alikificha ili watu wapande kule wakaone bonde lake. Ukikiweka kabatini, hapandi mtu."

"Wapande wasipande, wao ni akina nani kwangu?"

Nilianza kuvaa koti langu niondoke. Nilimpenda Blanka, nami nilikuwa nimechoka. Vendula ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini.

"Wale watoto walilia, baba. Na mimi ndiye niliyewadanganya, kwa simu ya mama."

Radim aliketi. Alizungumza akiutazama mshumaa, si sisi.

"Na kikiharibika tena?"

"Utapanda kukitengeneza. Ndiyo kazi ya mwenye kisanduku."

"Goti langu..."

"Goti lako tumelisikia, jirani. Tumelisikia mpaka tumelizoea."

Tulikitengeneza pale mezani. Radim aliweka mpira mpya kwenye kifuniko, akakijaribu kwenye ndoo ya maji. Hakikuvuja. Vendula aliweka karatasi mpya ndani ya mfuko wa plastiki, na penseli mbili. Kalamu ya wino huganda kwenye baridi. Radim alitaka kuweka kipande cha soseji iliyokaushwa, eti wageni wasishinde njaa.

"Chakula hapana, baba. Nguruwe mwitu watanusa. Watakivunja chote."

"Hata soseji nzuri?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Basi akaacha soseji, akachonga kunguru mdogo wa mti, maana Havran ni jina la ndege huyo. Kunguru yule alikuwa na kichwa kikubwa kama cha bata, lakini hatukumwambia.

Jumamosi tulipanda sote watatu. Vendula alibeba mfuko, tukaokota chupa na makaratasi njiani, kama Blanka alivyokuwa akifanya. Ardhi ilikuwa imeganda. Radim alichechemea, kumbe goti kweli lilikuwa linauma. Alipiga magoti chini ya msonobari, akakirudisha kisanduku palepale, akakifunika kwa kijiwe kilekile. Mkono wake ulibaki juu ya kile kijiwe. Tulimwachia muda wake. Kisha Vendula akaandika kwenye simu kwamba kisanduku kipo, na safari hii ilikuwa kweli.

Tulipokuwa tunashuka tukakutana na mume, mke na mtoto wao mdogo wa kike. Mume alikuwa ameshika simu. Alipotuona akaitia mfukoni haraka. Mke akainama, akaanza kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya zipu.

Nilitaka kucheka. Radim akasimama, uso mkavu kabisa.

"Mnatafuta uyoga?"

"Ndiyo, uyoga," mume alisema. Barafu ilikuwa inavunjika chini ya viatu vyake.

"Mwaka huu umejificha sana. Jaribuni kwenye mizizi, upande unaotazama bonde."

Akawapita. Hakuwaambia mke wake alikuwa nani. Hakugeuka nyuma, ila alipunguza mwendo. Baadaye tulisikia mtoto akipiga kelele za furaha kule juu, na Radim akashika shina la mti.

Tulikuwa karibu na nyumba za kwanza simu ilipolia mfukoni mwa Vendula. Mlio uleule wa siku ya supu. Radim alinyoosha mkono, akasoma mwenyewe, kwa sauti:

"Tumekipata. Asante sana, Blanka, bonde ni zuri. Binti yetu amechukua bata wa mti, ameacha kifungo chake chekundu. Njiani tulikutana na mzee mmoja wa uyoga. Hakushtukia kitu."

"Bata," Radim alisema. "Na mzee."

Alicheka. Tangu majira ya kuchipua sikuwa nimemsikia akicheka. Kicheko hakikufika mbali, kikageuka, akalia palepale barabarani mchana kweupe, na binti yake akamshika kiuno.

"Wanamshukuru kama yupo," alisema. "Tuwajibu nini?"

Vendula aliichukua simu, akaifutia kwenye koti.

"Hatuwajibu, baba. Hawakutuandikia sisi."

Radim alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaniuliza kama ile barafu ya Januari inaweza kupasua mpira wa kifuniko, na kama ingekuwa vizuri apande akaangalie.