Aliyesimama Nyuma ya Hilary

Picha ilikuwa na mtu mmoja zaidi. Clive Prentice alidhani kosa ni lake, maana ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuutia picha mchezo mmoja wa kompyuta, na kazi mpya haikosi dosari. Maandishi yalisema: *Uko baani. Hilary yupo hapa.* Picha ilimwonyesha Hilary kando ya moto, na nyuma yake mtu mrefu aliyeinama kama anayenusa nywele zake.

Hilary ni mkewe, na haoni tangu utotoni. Kwa miaka mingi mchezo huo wa maandishi matupu, ambamo watu hukutana kila mmoja akiwa kwao kwenye kompyuta yake, ulikuwa barabara pekee aliyotembea bila fimbo. Aliandika "kaskazini", mashine ikamsomea alikofika na aliyemkuta. Lakini vijana wa leo wanataka kuona, wachezaji wakawa wanapungua, na mchezo ulikuwa karibu kufungwa. Clive akaleta picha ili mkewe asipoteze barabara yake.

"Hapo baani uko na nani?" alimuuliza kutoka meza ya pili.

"Mimi na wewe tu, mpenzi. Wenzangu hawajaingia." Hilary akacheka. "Wivu gani huu wa uzeeni?"

Clive alipekua kazi yake hadi akaona alipoteleza. Maandishi humwambia mchezaji yale tu anayoruhusiwa kuyaona, na wenye mchezo wanaweza kumficha wamtakaye. Yeye, kwa haraka zake, aliiamuru picha ichore kila kilichomo chumbani. Kumbe yule alikuwemo siku zote, amefichwa tu. Sisi tungesema jini mara moja. Waingereza hutafuta kwanza waya mbovu, na Clive alizikagua nyaya zote.

Hilary alihama kwenda darajani, Clive akamfuata mchezoni, na yule akawa darajani. Kisha akaandika "nyumbani". Clive alikuwa amemjengea nyumba mle ndani, zawadi ya arusi, sawa kabisa na yao halisi ya mjini Wivenhoe: mlango wa kahawia, ngazi, chumba hiki hiki cha nyuma. Nje giza la Desemba, ambalo Uingereza huingia tangu alasiri, lilikuwa limeshashuka, na chumbani kukaanza kunuka majivu yaliyolowa, kwanza kidogo, kisha hadi kooni, na katika picha yule mrefu alikuwa anapita mlango wa kahawia bila kuufungua, anaingia chumba cha nyuma, anasimama kwenye kiti cha Hilary, anainua kichwa taratibu na kumgeuzia Clive uso usio na macho wala mdomo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuandika.

"Clive, unaunguza nini?" Hilary alinong'ona.

"Toka humo, tafadhali."

"Si ndiyo kwanza nimefika nyumbani!"

Clive akafuta picha zote. Alifuta mpaka ya mwisho, na harufu ikapungua. Hilary akapanda juu kufuata sweta, akilalamika kwamba mume wake ameanza kuchanganyikiwa. Clive akatoka hadi ukumbini na kumpigia simu Desmond Tuffnell, mzee aliyeuanzisha mchezo na wenzake walipokuwa wanafunzi, akamweleza alichokiona.

"Umeliona?" Sauti ya Desmond ilishuka. "Tulilikuta asubuhi moja, hakuna aliyeliandika. Tulilifuta, likarudi. Tena na tena. Mwisho tukalificha tu, watu wasiogope."

"Basi afadhali. Picha nimezifuta zote."



"Zote? Jamani, Clive! Ulipokuwa unaliona, angalau ulijua limesimama wapi. Sasa utajuaje?"

Hatua zilisikika juu. Clive aliinua macho. Hilary alikuwa anateremka ngazi polepole, bila fimbo, bila kugusa ukuta, mkono wake wa kushoto umenyooka pembeni, vidole vimekunjwa kama vilivyoshikwa na mtu. Harufu ya majivu ilimtangulia.

"Usinibane mkono hivyo, Clive," alisema akitabasamu. "Unaniumiza."

Clive alikuwa amesimama chini ya ngazi, simu mkononi.