Mtu wa Darini

Kila asubuhi fundi redio alifungua kibanda chake mbele ya nyumba, na mama yake alifagia ua. Binti wa fundi, mwenye miaka minne, alizungumza na ufagio, na viatu, hata na masufuria. Ndiyo maana walimwita Chiriku.

Mama yake Chiriku alifanya kazi ng'ambo, kwenye nchi ya watu wanaosema Kihispania. Mwakani Chiriku angemfuata.

"Asije akafika huko akawa bubu kati ya wenzake," fundi alisema.

Basi akaficha spika darini, juu ya chumba cha mtoto. Sauti ya mwanamume, iliyorekodiwa, ikawa inasema kutwa: "Agua. Maji. Puerta. Mlango. Ven. Njoo."

"Sikio halina kifuniko, mama," fundi alijisifu. "Yataingia yenyewe."

Sauti ile haikucheka. Haikukohoa. Haikuvuta pumzi.

Siku zikapita. Chiriku akapunguza maneno, kisha akanyamaza kabisa. Alitembea kwa ncha za vidole. Bibi akakuta vipande vya mkate juu ya kabati, karibu na dari.

"Mwanangu, mtoto analisha nini humu?"

"Panya, labda."

"Panya gani huyo anayewekewa na kikombe cha maji?"

Bibi akamwita jirani yao, mwalimu wa chekechea aliyewahi kujifunza Kihispania. Alikuja mchana. Chumba kilikuwa kimya. Mara juu ya vichwa vyao: "Ven. Njoo." Mwalimu akatazama juu. Chiriku alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mwalimu akachuchumaa. "Nani yuko huko juu, mwanangu?"

Chiriku akamnong'oneza sikioni. Mwalimu akamgeukia fundi.

"Anasema kuna mtu amefungiwa. Anaomba maji. Anaomba mlango. Anamwita aende. Akimjibu, yule mtu hamsikii. Chiriku anaogopa akisema neno, naye atafungiwa."

Fundi alipanda darini. Akashuka na spika mkononi, akamwonyesha mtoto nyaya zake. Chiriku aliichungulia ndani, akimtafuta mtu.

"Mwalimu, nimemharibu mwanangu?"

"Hapana. Lakini mtoto mdogo hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama, anayemjibu, anayecheka naye. Chezeni. Kila siku kidogo. Akikosea, msimkaripie. Na Kiswahili chake msimnyang'anye."

"Mimi mwenyewe sikijui Kihispania."

"Jifunze naye. Nitawaonyesha."

"Na mimi?" bibi akauliza. "Meno yenyewe hayapo, Kihispania nitakishika na nini?"

Mwalimu akawafundisha kucheza kibemasa. Anayetafuta anaita, "¿Dónde estás?" yaani, uko wapi? Aliyejificha anajibu, "¡Aquí!" yaani, nipo hapa.

Mwanzoni Chiriku alionyesha kwa kidole tu. Hawakumlazimisha. Bibi alijificha nyuma ya pazia, miguu yote nje, akajibu kwa sauti kubwa. Baba aliingia chini ya meza, akakwama.

Alasiri moja Chiriku akajificha mwenyewe.

"¿Dónde estás?" fundi akaita.

Akatazama chini ya kitanda. Akafungua kabati. Nyumba ilikuwa kama haina mtu. Akaita tena, sauti ikimtetemeka.

Kapu la nguo likatikisika.

"¡Aquí!"

Kifuniko kikaruka. Chiriku akatoka na soksi kichwani.

"Baba, mbona unalia? Haya, zamu yako. Jifiche! Lakini usiingie tena chini ya meza, utakwama. Bibi, njoo umwone baba…"

Akaendelea kusema mpaka chakula kikapoa.