Ndege Iliyovuka Ziwa kwa Magurudumu

Injini ilikohoa mara ya kwanza walipokuwa katikati ya ziwa. Maji hayakuwamo ziwani tangu miaka saba iliyopita. Kilichobaki ni chumvi na udongo mgumu, mweupe, bapa kama meza, unaoumiza macho ukiutazama kutoka juu.

"Shemeji," alisema Alby Renshaw, "hiyo ni injini yangu au tumbo lako?"

Verna Tuckfield hakucheka. Alikuwa fundi wa ndege tangu akiwa msichana wa miaka ishirini, wakati wa vita, wanaume walipopungua karakanani na jeshi likaanza kuwapa wasichana spana. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitano, ana karakana yake mjini, na injini hii iliyokohoa aliihudumia yeye mwenyewe siku ya Alhamisi. Leo ilikuwa Jumamosi. Alby, mume wa mdogo wake Una, alikuwa amekuja kuichukua ndege, na Verna akapanda naye kwenda kumsalimia mdogo wake huko ranchini, upande wa magharibi wa ziwa.

Injini ikakohoa tena, kisha ikaanza kupiga mishindo. Ndege nzima ikatetemeka.

"Magneto ya kushoto," alisema Verna. "Inatoa cheche mapema mno. Izime, twende na ya kulia."

Injini ya namna ile ina magneto mbili, na kila moja inaweza kuwasha mafuta bila msaada wa mwenzake. Ikiharibika moja, unaizima kwa ufunguo, unafika nyumbani kwa ile nyingine. Alby alizungusha ufunguo. Mishindo haikukoma. Akazungusha tena, akarudisha, akazungusha.

"Haizimiki."

"Basi waya wake wa ethi, ule wa kuizima, umekatika. Shuka, Alby. Shuka sasa hivi."

Alby alikuwa rubani mzuri. Aliitua juu ya ule udongo mweupe taratibu, magurudumu yote matatu yakashika, ikakimbia, ikasimama bila kukwaruzika popote. Alikata mafuta, injini ikafa. Wakatazamana, na Alby akaangua kicheko.

"Una atasema nimefanya makusudi nikose kuchinja yule kondoo."

Verna alizunguka nyuma kuchukua sanduku la spana. Alikuwa ameinama ndani ya mlango wa mizigo alipokumbuka kwamba hakumwonya. Magneto ambayo waya wake wa ethi umekatika haijui kama ufunguo umezimwa. Ukiigusa propela tu, na silinda zikawa na mabaki ya mafuta, injini inaweza kuwaka.

"Alby! Usiiguse pro—"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Alby. Yeye aliisukuma propela kidogo tu, ipishe kifuniko cha injini kifunguke, kama alivyofanya siku zote. Injini ikapiga mshindo mmoja. Ubawa wa propela ulirudi kwa nguvu ukampiga chini ya kwapa la kushoto, ukamtupa hatua nne.

Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Verna aliufunga kwa mkanda wake na mbao mbili za kreti ya aprikoti walizokuwa wakimpelekea Una. Damu ya nje haikuwa nyingi. Kilichomtisha ni mbavu, na tumbo lililoanza kukaza alipoligusa. Aliwahi kuona kijana mmoja vitani mwenye tumbo kama hilo. Kijana yule hakufika jioni.

Alimlaza kivulini chini ya bawa, akaita kwenye redio mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyejibu. Maji yalikuwa galoni moja, na chai nusu chupa. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Januari, na joto lilikuwa limeshaanza kupanda kutoka ardhini likiingia ndani ya viatu.

"Kwenu ni maili ngapi?"

"Ishirini na tano. Magharibi tupu, ziwa mpaka mlangoni." Alby alivuta pumzi fupi fupi. "Usifikirie kutembea, Verna. Watakukuta umekauka kama samaki wa chumvi."

Verna alifungua kifuniko cha injini. Aliona kila kitu mara moja. Magneto ya kushoto hufungwa nyuma ya injini kwa nati mbili. Nati moja haikuwepo kabisa. Ya pili ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wa mwisho. Magneto ilikuwa imejizungusha na kutoka nusu, jino la gia yake limeruka, na ilipojizungusha ndipo ilipong'oa waya wa ethi. Oili ilikuwa inatiririka kwenye ufa.

Alhamisi alikuwa ameziweka zile nati kwa vidole, akachukua spana ili azikaze. Simu ikalia. Mkulima mmoja alitaka kujua kabureta ya trekta lake itakuwa tayari lini. Waliongea kama dakika mbili. Aliporudi, alifunga kifuniko.

Alisimama pale muda, mikono juu ya chuma cha moto, hasikii kama kinamuunguza.

"Umeona nini?" Alby aliita kutoka chini ya bawa.

Akaenda, akachuchumaa mbele yake.

"Ni mimi. Sikukaza nati."

Alby alimtazama. Jasho lilikuwa limemjaa usoni, na rangi yake ilikuwa imebadilika ikawa ya majivu.

"Na mimi asubuhi sikufungua kifuniko kukagua," alisema mwishowe. "Una alinipigia simu niwahi. Tumekosa wawili. Usimwambie Una. Mimi nitasema tumegonga kunguru." Alijaribu kucheka, ikamuuma. "Unaweza kuirudisha?"

"Naweza."

"Basi acha kulia juu yangu, chumvi hapa ipo ya kutosha."

Verna alianza na waya wa ethi, akauunga na kuufunga vizuri, ili kile kitu kisije kikaumiza mtu tena. Ndipo alipong'oa magneto yote, akaifuta oili kwa shati lake la akiba, akaikagua. Ilikuwa nzima. Kama ingekuwa ya kulia ndiyo iliyotoka, angeiacha. Lakini ya kushoto ndiyo yenye springi ya kuamshia injini ikiwa imelala; bila hiyo wasingewasha kitu.

Akatoa plagi za juu, propela iwe nyepesi. Akaweka kidole gumba kwenye tundu la silinda ya kwanza, mkono mwingine ukisogeza propela pole pole, mpaka hewa ikasukuma kidole. Pistoni ilikuwa inapanda. Akaendelea kusogeza, unywele kwa unywele, hadi alama kwenye duara la gia nyuma ya propela ikakaa sawa na kitundu chake. Pale ndipo cheche inapotakiwa kuruka, si kabla, si baada. Akazungusha gia ya magneto mpaka jino lililopakwa rangi nyekundu likatokea kwenye dirisha lake dogo, akaisukuma magneto mahali pake, akiwa amebana pumzi. Meno yakashikana. Badala ya nati iliyopotea, aliiba nyingine kutoka kwenye boksi la betri.

Likabaki jambo moja. Magneto ilibidi izungushwe kidogo mpaka ncha mbili ndogo ndani yake ziachane kwa wakati ule ule hasa, na ncha hizo haziachani kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Taa yake ya kupimia alikuwa ameiacha karakanani.

"Karatasi za sigara unazo?"

"Mfukoni. Na nitaivuta mimi hiyo karatasi. Wewe zungusha magneto."

"Lala chini, Alby."

"Niinue, mwanamke. Ndege ni yangu."

Alimwinua. Alby akaegemea injini, uso umekunjamana kwa maumivu, akashika kwa vidole viwili karatasi aliyoibana Verna katikati ya zile ncha, akaivuta kwa upole. Verna akaizungusha magneto.

"Bado imeshika," alisema Alby. "Imeshika. Imeshika. Polepole, usiwe kama Una na chupa ya mchuzi. Imeshika... imetoka!"

Verna akakaza nati. Akakaza ya kwanza, akakaza ya pili, akarudi kwa ya kwanza. Alikaza mpaka Alby akasema, "Inatosha, utaivunja."

Saa nane, plagi zimesharudi mahali pake, walikuwa ndani. Alby alitaka kurusha ndege kwa mkono mmoja.

"Ukizimia angani tutakufa wawili," Verna alisema. "Kurusha sijui. Kuitembeza najua, nimezitembeza uwanjani maisha yangu yote. Ziwa si linafika mlangoni?"

"Maili ishirini na tano kwa magurudumu." Alitafakari. "Jirani zangu wakiniona, nitahama."

Injini iliwaka kwa jaribio la pili, sauti yake safi kabisa. Verna alisikiliza sauti ile na ikamuumiza kuliko mishindo ya asubuhi.

Walikwenda wakielekea magharibi, mavumbi meupe yakiwafuata. Kila maili tatu au nne injini ilichemka, ikabidi aigeuzie ndege uso kwenye upepo, azime, wangoje ipoe. Mara mbili gurudumu la mbele lilizama kwenye tope lililojificha chini ya chumvi. Alishuka, akachimba kwa mikono na kifuniko cha sanduku, akasukuma, akapanda. Maji alimpa Alby. Yeye alifyonza aprikoti.

"Polepole, hiyo ni ndege yangu, si trekta," Alby alimfokea mara ya kwanza. Baadaye hakufoka tena. Baadaye akaanza kuuliza kama mvua imeanza.

Kwenye kituo cha tano alimshika Verna mkono. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

"Kisima cha kaskazini," alisema. "Pampu yake ina kelele. Mwambie Una asiingoje ife."

"Utamwambia wewe."

Verna alingoja injini ipoe, upepo ukipita juu ya vioo, na alipogeuka kumnywesha, maji yalimtiririka kidevuni yasiingie. Aliweka kikombe chini. Akamfunga mkanda vizuri, asiyumbe. Akawasha injini, kwa sababu zilikuwa zimebaki maili sita na hakukuwa na jambo jingine la kufanya.

Una alikuwa amesikia injini muda mrefu, akatoka nje akitafuta ndege angani. Halafu akaiona ikija chini, ikitambaa juu ya ziwa kama gari bovu, akadhani ni mchezo mwingine wa mumewe. Alishuka ufukweni na aproni yake, amejishika kiuno, anacheka.

"Wee mzee!" alipaza sauti propela iliposimama. "Leo umesahau kupaa?"

Verna alifungua mlango.

Daktari anayezunguka kwa ndege alikuja kesho yake asubuhi, akaandika alichoandika, akaondoka na mwili wa Alby. Dada wawili walibaki jikoni. Hapo ndipo Verna aliposema: nati mbili, simu, kifuniko. Alisema pia kwamba Alby alimkataza kusema.

Una alisukuma kikombe chake kando.

"Ungeniacha nidhani ni ajali tu," alisema. "Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ungeendelea kunikaribisha hapa, dada yako. Nisingeweza kula mezani kwako na wewe hujui umekaa na nani."

Una akainuka, akaosha vikombe, akavifuta, akavipanga.

"Siwezi kukutazama," alisema, mgongo umegeuka. "Nenda. Usije mpaka nikuite."

Verna alirudi mjini. Watu waliomjua wanasema tangu siku ile hakuwahi kupokea simu akiwa na spana mkononi. Iliita mpaka ikachoka. Hakumkabidhi mtu ndege aliyoitengeneza bila kuifungua na kuikagua mara ya pili, na wenye ndege walipolalamika kwamba anawachelewesha aliwaambia watafute fundi mwingine. Pasaka ikapita, Krismasi ikapita. Barua alizoandika hazikujibiwa.

Mwezi wa Agosti wa mwaka uliofuata, asubuhi, simu iliita. Mikono yake ilikuwa mitupu, akaipokea.

"Pampu ya kisima cha kaskazini imekufa," ilisema sauti ya Una.

Verna alivuta kiti, akaketi.

"Ng'ombe wamebakiza maji ya siku mbili," Una akasema. "Njoo."

Kulikuwa na fundi wa pampu karibu zaidi, safari ya nusu siku tu kutoka ranchini, na wote wawili walimjua. Verna hakumtaja. Alipakia vifaa vyake kwenye gari, akashika barabara ndefu inayozunguka ziwa.